Dufile: Ngome ya Mtoni na Swali la Mwanafunzi

Tunaomba kuanza kwa kukiri kosa. Kwa miaka kadhaa, katika kozi ya Historia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tumekuwa tukifundisha kwamba Kiswahili kiliingia West Nile kupitia ngome za Emin Pasha kando ya Mto Naili, na hasa ngome ya Dufile. Maneno hayo yamo katika muhtasari wetu wa mihadhara, yamenakiliwa na wanafunzi, na bila shaka yameandikwa hivyohivyo katika mitihani yakapewa alama. Siku moja mwanafunzi mmoja, mtoto wa Logiri kama sisi wenyewe, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama askari wa Dufile walikuwa wakisema Kiswahili, mbona Wanubi wa Arua wanatuambia kwamba lugha ya babu zao ilikuwa Kiarabu?" Tulimjibu kama walimu wanavyojibu wanapobanwa, yaani tulimwambia suala hilo ni pana na tutalirudia. Haya ndiyo marudio yenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kueleza Dufile ni mahali gani, kwa nini ngome ilijengwa pale na si kwingine, waliishi nani, na walipoondoka walikwenda wapi. Suala la lugha litajitokeza njiani.

Tuanze na jiografia, kwa kuwa bila hiyo Dufile haielezeki. Kwetu Logiri, katika Vurra, ni juu kwenye mgongo wa ardhi unaotenganisha maji ya Naili na maji ya Kongo. Mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika sehemu zetu unafuata mgongo huohuo. Mvua ikinyesha, maji ya upande wa magharibi huishia Mto Kibali, kisha Uele, kisha Ubangi, kisha Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Maji ya upande wetu huteremka mashariki kwa vijito hadi Naili, yakapita Sudan Kusini, Sudan na Misri hadi Bahari ya Mediterania. Watoto wa shule za msingi hufurahi sana wakiambiwa kwamba mvua moja inaweza kugawanyika hivyo. Sisi watu wazima tunapaswa kukumbuka kwamba huo mgongo ndio uliowaongoza wachora mipaka, na kwamba jamaa zetu walio upande wa pili wamekuwa Wakongo kwa sababu ya mwelekeo wa maji.

Mji wa Arua uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa Alberti, ambamo Naili yetu inatoka, lina mwinuko wa karibu nusu ya huo. Mtu akiteremka kutoka nyanda zetu za juu hadi mtoni anaona hali ya hewa ikibadilika: joto linazidi, muhogo na mtama vinaachia nafasi nyasi na miti ya miiba, na hatimaye anafika kwenye mafunjo. Kutoka Ziwa Alberti mto huu unakwenda kaskazini taratibu kwa kilomita 200 hivi, ukitanda na kutulia, bila kizuizi cha maana kwa chombo. Kisha, karibu na Nimule, unapinda ghafla kuelekea kaskazini-magharibi na kuingia katika maporomoko ya Fula. Kuanzia hapo hadi karibu na Rejaf, kwa masafa ya kilomita 150 hivi, mto ni mawe na povu, wala hakuna chombo kinachopita.

Dufile iko kwenye ukingo wa kushoto, yaani wa magharibi, mwendo mfupi juu ya pindo hilo, ambako leo ni wilaya ya Moyo. Msomaji akiwa na ramani mbele yake ataelewa mara moja. Stima kutoka Khartoum ziliweza kupanda hadi Lado na Gondokoro, zikakwama. Mizigo ikashushwa, ikabebwa vichwani kwa siku nyingi kuyapita maporomoko, ikafika Dufile, na hapo ikarudi majini. Dufile kwa hiyo haikuchaguliwa kwa rutuba wala kwa uzuri. Ilichaguliwa kwa sababu ndipo maji yanapokubali tena kubeba chombo.

Vijiji vya namna hii viko sehemu nyingi duniani. Wahispania katika karne ya 16 walianzisha mji wa Mompox kando ya Mto Magdalena, katika nchi tunayoiita leo Kolombia, ukawa kituo cha mizigo kati ya bahari na nyanda za juu. Baadaye maji mengi ya mto yalihamia tawi jingine, na Mompox ikabaki na makanisa yake mazuri bila meli. Mji uliojengwa kwa ajili ya mto hufuata bahati ya mto. Tofauti ni kwamba Mompox imebaki mji, ilhali Dufile imebaki tuta la udongo.

Nani aliujenga? Hapo awali palikuwa pa Wamadi, na jina lenyewe linatokana na mkuu wao mmoja wa mahali hapo. Katika miaka ya 1850 na 1860 wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum walikuwa wamekwisha kufika sehemu hizi na kujenga mazeriba yao. Mwaka 1874 Charles George Gordon, Mwingereza aliyeajiriwa na Khedive Ismail wa Misri, alikuja kuwa gavana wa Jimbo la Ikweta, na chini yake msururu wa vituo ulijengwa kufuata mto. Dufile ikawa miongoni mwake.

Gordon alihitaji stima juu ya maporomoko. Kwa kuwa stima haiwezi kupanda mawe, ililetwa vipandevipande. Mabamba ya chuma, mitambo na mabomba yalibebwa kutoka upande wa Lado hadi Dufile, yakaungwa huko ukingoni. Stima mbili zilipatikana kwa njia hiyo: *Nyanza*, ya tani 38, na *Khedive*, ya tani 108. Vitabu vinamtaja kwa jina kila Mzungu aliyesimamia kazi hiyo. Waliobeba tani zenyewe, Wabari na Wamadi na wengineo, wametajwa kwa jumla tu, kama vile mizigo ilitembea yenyewe. Tunawaomba wanafunzi wetu wanaposoma habari za "stima ya kwanza" wajizoeze kuuliza ilifikaje.

Mnamo Machi 1876 Romolo Gessi, Mwitaliano aliyekuwa akimtumikia Gordon, aliondoka Dufile kwa mashua mbili za chuma, moja ikiitwa *Dufile* na nyingine *Magungo*, akalizunguka Ziwa Alberti. Miezi michache baadaye Gordon mwenyewe alipanda *Nyanza* kutoka hapohapo. Hivyo kijiji ambacho leo watu wengi wa Kampala hawajapata kukisikia kiliwahi kuwa bandari iliyofungua njia ya maji hadi ziwa kubwa.

Mwaka 1878 ugavana ulikwenda kwa daktari mmoja aliyezaliwa mwaka 1840 Oppeln, Silesia, kwa jina la Eduard Schnitzer, aliyekuja kujulikana kwa jina la Emin. Alikuwa mtu wa ajabu kidogo: gavana aliyependa zaidi kukusanya ndege na kuandika hali ya hewa kuliko kupiga watu risasi. Lakini tusimpambe kupita kiasi. Jimbo lake liliishi kwa nafaka na ng'ombe waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wenyeji, na pembe zilizojaza maghala hazikununuliwa kwa bei ya haki.

Sasa tufike kwenye swali la mwanafunzi. Askari wa Dufile walikuwa nani? Maofisa wachache walikuwa Wamisri na Wasudani wa kaskazini. Walio wengi walikuwa watu weusi wa kusini: Wadinka, Wabari, Wamakaraka, Wanuba na wengineo, wengi wao wakiwa wameingia jeshini kwa njia ya utumwa. Pamoja nao waliishi wake zao, watoto, watumishi na wafuasi waliotoka katika kila kabila lililo jirani, Walugbara, Wakakwa na Wamadi wakiwemo. Watu hao waliotupwa pamoja bila lugha moja walielewana kwa Kiarabu cha kambini, kilichopunguzwa mapambo yake yote. Amri zilitolewa kwa Kiarabu, barua ziliandikwa kwa Kiarabu, hata maasi, kama tutakavyoona, yalifanywa kwa Kiarabu. Kiswahili hakikuwa lugha ya Dufile. Hapo ndipo tulipokosea, na mwanafunzi wetu alikuwa sahihi.

Kosa letu lilitokana na haraka. Tulijua kwamba Wanubi wa Uganda wanasema Kiswahili vizuri, tukajua kwamba Wanubi walitoka Dufile na Wadelai, tukaunganisha mambo hayo mawili bila kuuliza ni lini.

Turejee mtoni. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi huko Sudan, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka, Gordon akauawa. Jimbo la Ikweta likakatwa na dunia. Hakuna stima iliyopanda tena kutoka kaskazini. Emin alihamishia makao yake Wadelai, juu zaidi ya mto, lakini Dufile ilibaki kituo kikubwa. Kwa miaka kadhaa jamii hiyo iliishi kwa kujitegemea. Walilima pamba na kufuma nguo zao wenyewe, maana kitambaa cha dukani kilikuwa kimekwisha. Barua za Emin zilipotoka, hazikutoka kwa njia ya Naili. Zilipitia Bunyoro na Buganda hadi Zanzibar, kwa njia za misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Msafiri Wilhelm Junker aliondoka Wadelai mapema mwaka 1886, akafika Zanzibar mwishoni mwa mwaka huohuo. Angalieni jinsi mgongo wa dunia yao ulivyogeuka: jimbo lililokuwa likitazama kaskazini, kwa Kiarabu, likaanza kutazama kusini-mashariki, ambako lugha ya njia ilikuwa Kiswahili.

Kisha akaja Henry Morton Stanley "kumwokoa" Emin. Aliondoka Zanzibar Februari 1887 na mamia ya Wazanzibari, akazunguka kwa bahari kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Mto Kongo, akapanda mto na kuupenya msitu wa Ituri. Waliofariki msituni ni wengi. Waliosalia walifika Ziwa Alberti, na tarehe 29 Aprili 1888 Stanley na Emin walikutana ufukoni. Hivyo ndivyo kundi kubwa la wasemaji wa Kiswahili lilivyofika kwenye mlango wa kusini wa jimbo la Emin, si kama lugha ya ngome bali kama lugha ya wapagazi wa msafara. Hawakuteremka mto kuishi Dufile. Walisimama mlangoni, na mwaka uliofuata wakaondoka.

Dufile yenyewe ilikuwa na mambo yake. Stanley alimwacha ofisa wake, A. J. Mounteney Jephson, aende pamoja na Emin kituo kwa kituo kuwauliza askari kama wanataka kuondoka. Askari hawakutaka. Waliambiwa watapelekwa Misri kwa njia wasiyoijua, wakati Misri waliyoijua wao iko kaskazini, mto unakotiririka. Tukijiweka mahali pao tunaona hoja yao: nani angeacha mke, watoto, shamba na ng'ombe akamfuate mgeni aliyetokea msituni na watu waliokonda? Mnamo Agosti 1888 Emin na Jephson walipofika Dufile walikamatwa na maofisa walioasi, wakiongozwa na Fadl el Mulla, wakawekwa kizuizini. Gavana akawa mfungwa katika ngome yake mwenyewe.

Walichowaokoa ni adui. Oktoba mwaka huo jeshi la Mahdi, likiongozwa na Omar Saleh, lilifika Lado kwa stima, likaichukua Rejaf. Waasi wakaingiwa na hofu, na Novemba wakamwachia Emin aende Wadelai. Mwishoni mwa Novemba Wamahdi waliizingira Dufile. Mapigano yalidumu siku kadhaa na kufika ndani ya ngome, lakini walinzi, walewale waliomfunga gavana wao, walisimama imara na kuwarudisha nyuma. Ni ushindi usio na sherehe katika kitabu chochote cha shule. Kwa upande mmoja hauna Mzungu wa kusifiwa, na kwa upande mwingine hauna shujaa wa taifa. Baada ya hapo ngome ilihamwa, na watu wakaelekea kusini.

Hapa njia ziligawanyika, kama maji kwenye mgongo wa Logiri. Kundi moja lilifuatana na Emin na Stanley. Waliondoka Kavalli tarehe 10 Aprili 1889, watu 1,500 hivi, wakatembea hadi Bagamoyo, wakafika tarehe 4 Desemba. Usiku huohuo katika karamu ya maofisa wa Kijerumani, Emin ambaye hakuwa akiona vizuri alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Alipona, akaingia katika utumishi wa Wajerumani, na aliuawa mashariki ya Kongo Oktoba 1892. Tulipokuwa masomoni Dar es Salaam, darasa letu lilipelekwa Bagamoyo kwa ziara. Wenzetu walizungumza, kwa haki kabisa, juu ya watumwa na pembe. Sisi peke yetu ndio tuliokuwa tukiwaza kwamba watu waliotoka kijiji cha mtoni cha kwetu waliwahi kufika pale kwa miguu, na tulipolisema jina la Dufile hakuna aliyelitambua, hata kiongozi wa ziara.

Kundi la pili, na ndilo linalotuhusu zaidi, lilibaki nyuma likiongozwa na Selim Bey. Septemba 1891 Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kibeberu ya Afrika Mashariki ya Waingereza aliwakuta Kavalli na kuwachukua. Wakati huo walikuwa zaidi ya watu 8,000 ukijumlisha wanawake, watoto na wafuasi, ingawa askari wenyewe hawakufikia 1,000. Baadhi waliwekwa katika ngome za Toro, wengine wakaletwa Kampala. Selim Bey alishukiwa uasi mwaka 1893, akaondolewa, akafia njiani Naivasha. Askari wake wakawa kiini cha jeshi la Uganda Rifles mwaka 1895, wakaasi mwaka 1897 kwa sababu ya safari zisizokwisha na mishahara duni, na waliobaki wakaingizwa katika King's African Rifles, kwa kifupi KAR, mwaka 1902. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo, wa Kibera huko Nairobi, na wa Arua.

Huko ndiko walikokutana na Kiswahili: katika KAR, katika soko la Kampala, katika reli, katika misikiti na ndoa. Lakini hawakukiacha Kiarabu chao. Kilikua kikawa lugha ya kuzaliwa nayo, Kinubi, na wanaisimu wanaihesabu kuwa krioli. Tunapenda kuwaonyesha wanafunzi jinsi inavyofanya kazi. Mnubi akisema *ana gi rua* anasema "ninakwenda", na akisema *ana bi rua* anasema "nitakwenda". Nafsi ni *ana*, kitenzi ni *rua*, na wakati unabebwa na kijineno kidogo katikati. Kiarabu cha kawaida kingebadilisha umbo la kitenzi chenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeona *ni-na-kwenda* na *ni-ta-kwenda* ataona mfanano wa mpangilio, japokuwa asili ni tofauti kabisa. Asije tu akasema kwamba Kinubi ni mtoto wa Kiswahili. Msamiati wake kwa sehemu kubwa ni wa Kiarabu, na maneno ya Kiswahili yaliingia baadaye. Tena kuna mitego: *moyo* kwa Kinubi ni maji. Mswahili akiombwa moyo na jirani yake Mnubi alete gilasi, asitoe maneno ya mapenzi.

Wakati Wanubi wakijifunza Kiswahili huko kusini, mto wenyewe ulipata mwenye nyumba mwingine. Kwa mkataba wa Mei 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ukingo wa magharibi, sehemu iliyojulikana kama Lado Enclave, nayo ilijumuisha Arua na Koboko ya leo. Februari 1897 majeshi yake chini ya Louis-Napoléon Chaltin yaliwashinda Wamahdi Rejaf. Kuanzia 1902 hadi 1907 Wabelgiji waliikalia tena Dufile. Askari wao walitoka Kongo, na lugha yao ya kambini ilikuwa Kibangala, jamaa wa Lingala. Basi hata katika awamu ya pili ya maisha yake, Dufile haikusema Kiswahili. Ilitoka Kiarabu ikaenda Kibangala. Tunaoishi sehemu hizi tunalitambua jambo hilo kila siku ya gulio, maana Lingala bado inasikika Arua na Koboko, wala haikuletwa na muziki peke yake.

Leopold alifariki Desemba 1909, na kwa mujibu wa makubaliano ya 1906 eneo hilo likarudi mikononi mwa serikali ya Sudan katikati ya mwaka 1910. Katika kipindi hicho cha mpito wawindaji wa tembo walijazana, kila mmoja akichukua alichoweza. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipiga kambi ukingoni Januari 1910 kutafuta vifaru weupe, yeye na mwanawe wakaua tisa. Jina la Rhino Camp lipo hadi leo. Vifaru wenyewe walikwisha Uganda, na dume la mwisho la aina hiyo ya kaskazini, Sudan, alikufa Kenya Machi 2018. Aidha ugonjwa wa malale uliwafanya watu waondolewe sehemu nyingi za kando ya mto, na kingo zilizokuwa na vijiji zikabaki na mbung'o.

Tarehe 1 Januari 1914 sehemu ya kusini ya Lado iliingizwa rasmi Uganda, na Sudan ikapewa Gondokoro na Nimule. Mwaka huohuo A. E. Weatherhead alianzisha kituo cha Arua. Serikali mpya haikuja kwa kupanda mto. Ilikuja kutoka kusini, pamoja na polisi na askari wa KAR, Wanubi wakiwa miongoni mwao, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Hapo ndipo Kiswahili kiliposhika mizizi kwetu. Watu ambao baba zao waliondoka Dufile wakisema Kiarabu walirudi ukingo uleule, baada ya robo karne, wakiwa na bunduki ya mfalme mwingine na lugha ya pili mdomoni.

Hali hiyo inaeleza pia kwa nini wazee wengi wa Kilugbara na Kikakwa hawakukipenda. Walikisikia kwanza katika kodi, katika kazi ya barabara, na katika kuandikishwa kwenda mashamba ya miwa ya kusini. Maasi ya Yakani ya 1919, ambayo chimbuko la dawa yake ya maji linahusishwa na nabii Rembe wa Wakakwa aliyenyongwa Yei mwaka 1917, yalizimwa na askari wa namna hiyohiyo. Wanafunzi hupenda kuyalinganisha na Maji Maji ya Tanganyika ya 1905 hadi 1907. Ulinganisho ni halali kwa upande wa maji, ila wasidai kwamba moja lilizaa jingine.

Ya baadaye yanajulikana, nasi tutayapita haraka. Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili mwaka 1927, Buganda ikapinga. Kiswahili kikabaki jeshini na polisi, ambako vijana wa West Nile walijiandikisha kwa wingi, Idi Amin mmoja wao mwaka 1946. Mwaka 1973 yeye ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa. Tangu hapo kila tunapokitetea mbele ya wazazi wa Kampala tunajibiwa kwamba ni lugha ya askari wa Amin. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima. Jibu linabaki lilelile kwa wengi. Sisi hatulikatai kabisa: kwetu Kiswahili kilivaa magwanda kwa kweli. Ila kiliyavaa tangu 1914, kabla Amin hajazaliwa, na waliokivaa walikuwa wamebebeshwa na historia ambayo hawakuichagua.

Hatimaye tulifunga safari. Kutoka Arua tulipitia Koboko na Yumbe hadi Moyo, kisha tukateremka kuelekea mtoni. Upande wa mashariki wa ngome ni Naili yenyewe, pana na kimya, na pande nyingine tatu zimezungushwa tuta la udongo na handaki. Mtu asiyeambiwa anaweza kudhani ni kingo za bwawa la zamani. Nyasi zimeota, mbuzi wanalisha juu ya tuta, na handaki limejaa udongo kiasi cha mtu kulivuka bila kuinua mguu sana. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky, ambaye zamani alikuwa mhifadhi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, aliongoza uchimbaji hapo Desemba 2006 na Januari 2007. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna anayepajali. Tulisimama pale ambapo *Khedive* ilikuwa ikifunga kamba, tukamwuliza mzee mmoja aliyetupokea kwa lugha gani watu wa ngome walikuwa wakisema. Alitutazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Kiarabu," alisema, kwa Kiswahili safi.

Muhtasari wa mihadhara umekwisha kurekebishwa, na nakala mpya ziko katika ofisi ya idara. Wenye nakala za zamani tunawaomba wafute sentensi inayosema kwamba Kiswahili kilifika West Nile "kupitia ngome ya Dufile mnamo miaka ya 1880" na waandike mahali pake kwamba kilifika na KAR na polisi kuanzia 1914. Wale ambao walikosa alama katika jaribio la muhula uliopita kwa kuandika Kiarabu walete karatasi zao zisahihishwe upya. Mwanafunzi wa Logiri amekwisha kuleta yake.